Mama Shwari Avua Gwanda: Miaka Thelathini na Miwili ya Hali Kuwa Shwari

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, itakapotimu saa kumi na nusu alasiri, Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano cha Makao Makuu ya Polisi atarudisha kitambulisho chake dirishani na kutoka nje akiwa raia wa kawaida, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi. Karatasi za ofisi zinamtambua kwa cheo na namba. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja tunamwita Mama Shwari, naye huitika, ijapokuwa huitika huku akitazama juu ya miwani ili mwitaji ajue kwamba ameshaandikwa mahali fulani.

Jina hilo hakulichagua, alilichuma. Katika miaka yote hiyo haikutoka taarifa mikononi mwake bila kufunguliwa kwa maneno "hali ni shwari" na kufungwa kwa maneno "uchunguzi unaendelea". Kati ya mlango huo wa mbele na ule wa nyuma maghala yaliungua, mahabusu waliruka madirisha na magari yalitumbukia mitoni. Lakini msomaji aliyesoma mwanzo na mwisho tu, kama wasomavyo wengi, alilala usingizi mnono akijua kwamba nchi imetulia na kwamba yupo mtu mahali fulani anachunguza jambo.

Desturi inataka wasifu wa mstaafu umsifu mstaafu. Huu nao utamsifu, pale anapostahili. Hata hivyo, mwenyewe alipoulizwa angependa aagwe kwa zawadi gani, hakutaja saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Alisema, "Andikeni mnayoyajua, na yasipite meza saba." Maana ya ombi hilo itaonekana mbele. Tumelitii lote, nusu ya kwanza kwa furaha na nusu ya pili kwa furaha zaidi.

Aliingia kazini akiwa mpiga chapa. Kitengo wakati huo hakikuwa kitengo. Kilikuwa chumba kimoja kando ya jiko la ofisi, chenye taipureta, feni iliyozunguka kwa hiari yake, na simu iliyotiwa kufuli dogo kwenye duara la kupigia ili isitumiwe na asiye na kibali. Mkubwa wake wa kwanza, ambaye wakongwe bado wanamkumbuka kwa jina la Bwana Kimya, aliamini kwamba kazi ya afisa mawasiliano ni kuhakikisha mawasiliano hayatokei. Waandishi wa habari walisimama nje ya uzio, juani, wakipokea habari kutoka kwa mlinzi wa lango, ambaye alizipokea kutoka kwa wapishi. Kwa haki, nyingi ya habari hizo zilikuwa sahihi kuliko zilizotolewa baadaye kwa muhuri.

Ni yeye aliyewaingiza ndani. Siku moja alibeba benchi la mbao kutoka stoo, kichwani, akiwa na sare, akaliweka kwenye ukumbi wa mapokezi na kuwaambia waandishi waketi. Bwana Kimya aliuliza kwa hasira benchi lile ni la nani. Akajibiwa, "La watu wanaosubiri, afande." Tunaomba msomaji alikumbuke benchi hilo, kwa kuwa watu walikuja kusubiri juu yake muda mrefu kuliko alivyokusudia aliyelibeba.

Aliondoa kufuli kwenye simu. Aliweka namba ya wananchi, kisha akawaendea mezani wapelelezi waliokuwa na tabia ya kuinyanyua simu yake na kuilaza kando ya birika, akasimama hapo mpaka waipokee. Alianzisha mkutano wa waandishi wa kila Alhamisi saa nne asubuhi, ambao haujakosekana hata wiki moja, pamoja na wiki ile paa lilipovuja na watu wakauliza maswali chini ya miavuli. Alipiga marufuku kutangaza majina ya watoto waliodhuriwa, na kwa jambo hilo alibishana na mwanamume aliyemzidi vyeo vitatu mpaka mwanamume yule akaomba maji. Leo kitengo kina watu kumi na mmoja, na wote, hata wale tunaojiona tumesoma, tumefundishwa naye kwamba taarifa husomwa kwa sauti kabla ya kutoka, kwa sababu uongo ulioandikwa vizuri hujikwaa ukitamkwa.

Na ipo siku ya wauza magodoro. Mwaka ule ulipoenea uvumi wa watekaji watoto, wachuuzi wawili wageni walizingirwa sokoni na umati uliokwisha kuokota mawe. Mama Shwari hakuandika taarifa. Alipanda nyuma ya gari la doria na kipaza sauti, akatafuta uso mmoja katikati ya nyuso mia mbili. "Wewe uliyebeba godoro kichwani," alisema, "hilo godoro umelinunua kwa nani?" Mtu yule alikuwa na godoro kichwani na jiwe mkononi. Akawatazama wale wawili, akafikiri, akadondosha jiwe. Kicheko kilianzia karibu naye kikasambaa, na umati unaocheka hauui mtu. Wachuuzi wale wako hai, na kila mwaka mmoja wao humletea mto mpya, kana kwamba anahofia amekosa usingizi.

Kisa hicho tumekiweka mapema kwa makusudi, kwa kuwa kinamnyima utetezi. Mtu asiyejua uzito wa neno akilitupa ovyo, husamehewa kama mtoto aliyechezea kiberiti. Yeye alijua. Aliona kwa macho yake kwamba sentensi moja iliyonyooka inaweza kumwondoa mtu kwenye mawe. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakujua kwamba sentensi moja iliyopinda inaweza kumrudisha.

Na sentensi zilizopinda, jamani, zilikuwepo. Mahabusu alipotoka kupitia dirisha la choo, umma uliarifiwa kwamba "hakuwepo wakati wa ukaguzi". Gari la doria lilipoibwa kwenye maegesho ya makao makuu, mchana kweupe, dereva wake akiwa dirishani anakunywa chai na kulipungia mkono akidhani ni mwenzake, taarifa ilieleza kwamba gari hilo "linatumika nje ya ratiba". Mbwa wa kunusa alipolala fofofo mbele ya kamera, siku ya maonyesho, huku mfuko uliofichwa ukiwa umbali wa hatua tatu kutoka puani mwake, aliandikiwa kwamba alionyesha "utulivu wa kiutendaji". Mbwa yule alistaafu kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza angependa aandikiwe nini.

Lakini isidhaniwe kwamba lugha hiyo ilizaliwa kichwani mwake peke yake. Kila taarifa yetu hupanda meza saba kabla ya kutoka, na kila meza hulazimika kuonyesha kwamba imefanya kazi, nayo kazi ya meza ni kufuta. Taarifa hupanda ikiwa nyama na kushuka ikiwa mchuzi. Meza ya Saba iko ghorofa ya nne, ina zulia, na ina kanuni moja ambayo wote tumeikariri: Polisi haikosei, Polisi huongeza taarifa. Mwaka jana tangazo la kuwaonya madereva kwamba barabara ya daraja la chini imefungwa lilikamilisha safari yake ya meza saba siku mbili baada ya barabara kufunguliwa. Lilitolewa hivyo hivyo, na madereva waaminifu wakazunguka mlima mzima kwa kututii.

Sasa tufike kwenye benchi.

Miaka tisa iliyopita, fundi kufuli mmoja wa mtaa wa nyuma ya soko aliamka akakuta duka lake limevunjwa. Aliyevunja alikuwa amechukua mashine ya kuchongea funguo na makasha mawili ya makufuli mapya, jambo ambalo fundi mwenyewe alikiri kwamba lingechekesha kama lingempata mwingine. Alikwenda kituoni kulalamika kama raia mwema. Wapelelezi walifika, wakamwomba asimame mlangoni, ashike nondo na kuonyesha jinsi anavyodhani mwizi alivyolibanjua kufuli. Fundi alionyesha, na kwa kuwa anaijua kazi yake, alionyesha vizuri sana. Mpiga picha wetu, ambaye humu ndani tunamwita Jicho, akapiga picha. Picha ikaingia kwenye bahasha iliyoandikwa "tukio la kufuli" bila neno jingine, bahasha ikafika mezani kwa Mama Shwari dakika ishirini kabla ya mkutano wa Alhamisi, naye akaitazama mara moja tu na kuandika chini yake kwa mkono wake: "Mtuhumiwa akiwaonyesha askari namna alivyovunja kufuli."

Meza saba hazikufuta hata nukta. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa taarifa kupita zote kwa asubuhi moja, kwa sababu ilikuwa taarifa ya ushindi.

Kesho yake fundi alijiona gazetini, nondo mkononi. Alijiona pia kwenye mbao za matangazo za vituo vyote, na kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, ambako watu mia nne walitupongeza. Kuna mafundi wanaoweza kuishi na jina baya. Fundi cherehani akisemwa kuwa mlevi, watu watampelekea nguo na kumhimiza. Lakini fundi kufuli hauzi chuma. Anauza uhakika kwamba mtu anayeshika ufunguo wa nyumba yako asubuhi hataonekana sebuleni mwako usiku. Kufikia mwisho wa wiki, watu waliokuwa wamechongewa funguo naye walikuwa wameshabadilisha vitasa vyote. Walivinunua kwa mshindani wake. Wazazi wa kijana aliyekuwa anataka kumwoa binti yake walifika na gazeti ndani ya bahasha, wakaliweka mezani, wakanywa chai yao, wakaaga. Tangu hapo ameishi kwa kunoa visu na kutengeneza bawaba, kazi zisizohitaji kuaminiwa.

Mwizi halisi alikamatwa miezi minne baadaye akiwa na mashine ile ile, akakiri, akahukumiwa. Hapo ndipo ingetarajiwa kwamba mambo yangenyooka. Lakini Polisi haikosei. Taarifa iliyotoka ilisema kwamba "mshirika wa pili katika tukio la kufuli" ametiwa mbaroni. Hivyo fundi, aliyekuwa ameibiwa, akawa mwizi, na baada ya kupatikana mwizi, akapandishwa cheo kuwa kiongozi wa genge.

Alianza kuja Alhamisi iliyofuata. Alichagua Alhamisi kwa sababu ndiyo siku ambayo wanaotangaza huonekana. Mwaka wa kwanza aliongea. Mwaka wa pili alileta barua, na nakala ya hukumu ya mwizi, na barua ya kukumbushia barua. Kuanzia mwaka wa tatu aliacha kusema, akawa anaketi tu kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka mkutano uishe, kofia magotini. Karani wa mapokezi alianza kumpokea kama mtumishi.

"Fundi, leo umechelewa kuripoti."

"Mvua, mama. Nisamehe, usinikate siku."

"Nitakuandikia onyo."

"Andika. Labda hilo litatoka."

Mwaka wa nne alikitengeneza kitasa cha choo cha wageni, ambacho kwa miaka sita kilifungwa kwa wimbo wa aliye ndani. Mwaka wa saba tulipopiga picha ya pamoja ya watumishi, mtu alimvuta kutoka kwenye benchi ili kujaza pengo, na hadi leo yumo kwenye picha iliyotundikwa ukumbini, mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Maelezo chini yake yanasema: "Watumishi wa Makao Makuu." Hiyo ni picha ya pili ya fundi katika kumbukumbu zetu, na maelezo ya zote mbili si ya kweli.

Je, Mama Shwari alikuwa wapi? Swali hili tulimuuliza sisi vijana mara kwa mara na kwa ufasaha mkubwa, tukitaja haki, sheria na falsafa. Alitujibu kwamba wino wa falsafa haulipi umeme. Ukweli ni kwamba kila Alhamisi, kwa miaka tisa, mwanamke aliyewahi kukabili umati wenye mawe aliingia ofisini kupitia mlango wa jikoni. Alipita katikati ya masufuria, akasalimia wapishi, akapanda ngazi za nyuma. Alijua nani yuko kwenye benchi. Benchi alilibeba mwenyewe.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nalo tumbo la fundi lilikuwa na tarehe ya ukomo. Karibu kila aliyehusika na picha ile alikuwa amekwisha kuondoka au kusahau. Wapelelezi walihamishwa, bahasha ikapotea, na Jicho alikumbuka tu kwamba mwanga ulikuwa mzuri. Amebaki mmoja aliyeweza kusema "niliandika mimi", naye anastaafu tarehe thelathini. Baada ya hapo fundi angekuwa mwizi wa kudumu, kwa kukosekana mtu wa kumsafisha. Hilo tulilijua sote. Wiki mbili zilizopita karani wa mapokezi alimwambia fundi, na inasemekana fundi aliuliza tu tarehe hiyo itaangukia siku gani.

"Ijumaa."

"Basi zimebaki Alhamisi mbili."

Alhamisi ya kwanza kati ya hizo, Mama Shwari alikuwa anakabidhi ofisi. Alikabidhi mihuri, faili, mashine ya kahawa isiyofanya kazi, na alipofika kwenye kabati lake la chuma, ufunguo ukakatikia ndani ya kufuli. Idara ya ugavi iliarifiwa. Ikajibu kwamba maombi ya fundi huchukua siku kumi na nne za kazi. Mama Shwari alikuwa amebakiwa na sita. Pale mlangoni karani wa mapokezi, ambaye hajasoma falsafa hata ukurasa mmoja, akasema kwa utulivu:

"Afande, fundi yupo. Amekaa pale chini tangu kabla mimi sijaajiriwa."

Chumba chote kilipata ghafla kazi ya kufanya kwenye makaratasi. Mama Shwari aliweka mezani kipande cha ufunguo kilichobaki mkononi. Halafu alisema, "Mwite." Halafu akasema, "Hapana. Nitamfuata." Akashuka kwa ngazi za mbele.

Walipanda pamoja, yeye mbele, fundi nyuma na kimkoba chake. Fundi alipiga goti mbele ya kabati, akatia vyuma viwili vyembamba, akafumba macho kama anayesikiliza mtoto akipumua. Tulihesabu dakika nne. Kufuli likalegea.

"Kufuli hili ni zima," alisema. "Limekaa tu bila kufunguliwa."

Ndani ya kabati, juu ya kila kitu, lilikuwapo jalada moja. Fundi ndiye aliyekuwa karibu, na picha yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inamtazama, kwa hiyo hakuna aliyemzuia. Akalifungua, akasoma. Zilikuwamo rasimu kumi na moja za sahihisho, ya kwanza ikiwa na tarehe ya siku nne tu baada ya picha kutoka. Rasimu hiyo ilisema: "Polisi ilikosea. Mtu aliyeonekana pichani si mwizi, bali ndiye aliyeibiwa." Na hapo, kwa rangi saba za wino, ilionekana safari yake. Meza ya kwanza ilifuta "ilikosea" na kuweka "ilitoa taarifa isiyokamilika". Ya pili iliuliza kama ni lazima kutaja picha. Ya tatu iliona kwamba neno "mwizi" linaweza kuzua hofu. Ya nne iliongeza pongezi kwa wapelelezi. Ya tano ilitoa koma. Ya sita ilikuwa likizoni, ikasubiriwa mwezi na nusu. Iliposhuka kutoka kwa Meza ya Saba, sahihisho lilisomeka hivi: "Polisi inawashukuru wananchi kwa kuendelea kufunga milango yao."

Alikuwa ameipandisha tena, na tena, mara kumi na moja kwa miaka miwili. Kisha akaifungia.

"Kumbe uliandika," alisema fundi.

"Niliandika."

"Mimi nilijua hujui."

"Nilikuwa najua."

Fundi alilirudisha jalada mahali pake, taratibu, kama kitu cha mtu. Akakunja kimkoba chake. "Alhamisi ijayo nitakuja," alisema. "Nitakukuta?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho kwangu."

"Basi nitawahi."

Wapo kati yetu walioguswa na rasimu zile na kusema kwamba mama wa watu alijitahidi. Wasifu huu unaomba kutofautiana nao. Rasimu iliyo ndani ya kabati haimvui mtu nondo mkononi. Aliyeandika ukweli mara kumi na moja na kuufungia mara kumi na moja ana jambo la kujibu kuliko asiyeujua, na Mama Shwari, tukimtendea haki, hakujitetea kwa rasimu hizo hata siku moja. Tusingezijua kama ufunguo usingekatika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye bahati yake aliumbuliwa na kufuli, akiwa bado na wiki moja ya kazi.

Jana ilikuwa Alhamisi. Fundi aliwahi, saa moja na nusu, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mama Shwari aliingia kwa mlango wa mbele. Saa nne kamili, badala ya chumba cha mikutano cha juu, alisimama pale ukumbini mbele ya maikrofoni na waandishi kumi na sita waliokuja kuchukua taarifa ya wiki ya usalama barabarani. Taarifa hiyo, iliyopita meza zote saba, aliiweka kando. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama za wino wa rangi saba, akasoma mstari wa juu kabisa, ule ambao haukuwa na wino wa mtu mwingine.

Hakusema kwamba hali ni shwari. Alisema kwamba miaka tisa iliyopita Polisi ilikosea. Alitaja mtaa, duka na siku. Alisema maelezo ya picha yalikuwa ya mkono wake, kwamba hakuuliza swali moja ambalo lingemchukua dakika moja, kwamba "mshirika wa pili" hakuwa mshirika wa mtu, na kwamba mwenye haki ya kuombwa radhi ameketi nyuma yao kwenye benchi. Waandishi wakageuka wote kwa pamoja. Fundi alikuwa anatazama kofia yake.

Mwandishi mmoja, kwa mazoea ya kazi, akauliza: "Afande, kwa hiyo tuseme uchunguzi unaendelea?"

"Hapana," alisema Mama Shwari. "Umekwisha."

Simu ya mapokezi ilianza kulia kabla hajamaliza neno. Namba ilikuwa ya ghorofa ya nne. Tulitazamana sote kumi. Hatimaye karani wa mapokezi akainyanyua, akasikiliza kwa adabu, akajibu kwa sauti ya mtu aliyefunzwa vizuri: "Hali ni shwari, bosi." Akakata.

Jicho, ambaye miaka tisa imemwongezea uzito na haya, alimsogelea fundi na kumwomba picha moja ya kuambatanisha na sahihisho. Fundi alifikiri. Alisimama mbele ya mlango wa ukumbi, mikono mitupu, akaielekeza kwa makusudi mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Piga," alisema. "Ila maelezo nitaandika mwenyewe."

Picha hiyo imetoka leo kwenye magazeti mawili na kwenye ukurasa wetu, na maelezo yake hayakupanda ngazi hata moja. Yanasema: "Fundi kufuli. Duka liko wazi."

Ghorofa ya nne nayo imejibu kwa njia zake. Tumearifiwa kwamba ukumbi mkuu, uliopangwa kwa hafla ya leo, una matengenezo ya dharura ambayo hayaonekani kwa macho, na kwamba ngao ya utumishi uliotukuka itafuata baadaye. Kwa hiyo tutamuaga Mama Shwari katika chumba kile kile cha kando ya jiko, pale alipoanzia. Wapishi wamealikwa, kwa kuwa ndio walioonana naye zaidi siku za Alhamisi.

Tunamshukuru kwa simu iliyofunguliwa, kwa watoto waliositiriwa majina, kwa wauza magodoro wawili wanaopumua. Hatumshukuru kwa miaka tisa, wala yeye hakuomba tumshukuru. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na binti wa fundi hakuolewa na yule kijana. Lakini sisi tunaobaki tumeona kwamba sentensi ya maneno mawili inaweza kutamkwa ndani ya jengo hili na paa lisianguke, na baada ya kuona hivyo hatutakuwa na kisingizio cha mlango wa jikoni. Hilo ndilo tunalomshukuru kwa dhati, na ndilo litakalotusumbua zaidi.

Jana mchana, baada ya waandishi kutawanyika, alishuka tena kwenye benchi. Alifungua mkoba wake, akatoa ufunguo wa mlango wa nyumbani kwake na kuuweka kwenye kiganja cha fundi.

"Nahitaji nakala mbili," alisema. "Mimi na mzee wangu wa nyumbani sasa tutakuwa tunapishana mchana kutwa."

Fundi aliupima ufunguo kwa kidole gumba, akauzungusha, akautia mfukoni na kufunga kifungo cha mfuko. "Jumatatu," alisema. "Uje uchukue dukani."

"Hutauleta hapa?"

"Hapa, mama, nimeshaacha kazi."

Basi nenda, Mama Shwari. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu, na mito ya kutosha. Kuhusu Jumatatu tunakuombea jambo moja zaidi, kwa moyo mweupe kabisa: ukute foleni ndefu dukani kwa fundi, na ukiikuta, uketi usubiri. Tumehakikisha. Benchi lipo.